Taa za Kuoteshea Mimea Ndani ya Nyumba: Nguvu Itoke Wapi, na kwa Mmea Gani?

Mada kwa semina ya walimaji na mafundi wa umeme wa Butembo na Beni



Nimepewa swali moja nilijibu: je, mtu wa Butembo au wa Beni anaweza kulima ndani ya nyumba kwa taa, akaziwasha kwa batri, kwa jua au kwa maji ya mto? Najua swali hili limetoka wapi. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni yamewafukuza walimaji kwenye mashamba yao, na wengi waliokuwa wakivuna kakao na ndizi leo wananunua hata lengalenga sokoni. Mtu wa namna hiyo akioneshwa kwenye simu picha ya saladi zinazoota ndani ya kontena, chini ya taa za zambarau, hawezi kuiona kama mchezo. Kwa hiyo sitamjibu kwa kejeli. Nitamjibu kwa hesabu, na hesabu hiyo mtu yeyote hapa anaweza kuirudia kwa kalamu yake.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnipinge vizuri: taa za batri zisitumike kulisha mmea mpaka uvunwe. Zitumike kuuzalisha mche, au kuuarifu mmea saa ya kufanya jambo fulani. Kazi hizo mbili za mwisho zinahitaji nguvu kidogo sana, na huku kwetu hazijapewa nafasi inayostahili.

Mwanga ulio chakula

Mmea hauli wati, wala hauli lumeni zinazoandikwa kwenye boksi la taa. Lumeni hupima jinsi jicho la mtu linavyouona mwanga. Mmea unakula chembe za mwanga, fotoni, nazo huhesabiwa kwa moli. Saladi inayokua vizuri inataka moli kama 15 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Nyanya inataka 20 hadi 30.

Sasa tutazame tulicho nacho juu ya vichwa vyetu. Butembo na Beni ziko karibu kabisa na ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana: saa 12 na dakika chache, Januari hadi Desemba. Milima yetu ina mawingu, lakini hata hivyo jua linaleta kilowati-saa 4 hadi 5 kwa mita ya mraba kwa siku. Tuchukue 4.5. Hizo ni sawa na moli 33 hivi za mwanga ambao mmea unaweza kuutumia, yaani zaidi ya mara mbili ya hitaji la saladi, na hazina ankara.

Tuzipitishe moli hizo 33 kwenye mtambo. Panno nzuri hugeuza sehemu ya tano tu ya jua kuwa umeme, kwa hiyo 4.5 inabaki 0.9. Vumbi, joto, waya, kidhibiti chaji na batri vinakula kama robo ya hiyo, tunabaki na kilowati-saa 0.67. Taa nzuri ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea inatoa moli 9 hivi kwa kila kilowati-saa. Mwisho wa safari tuna moli 6. Zimeanguka 33 juu ya bati, zimeshuka 6 juu ya saladi. Ukitaka kuzifikisha 15, unahitaji mita mbili na nusu za panno juu ya paa kwa kila mita moja ya saladi iliyo chini ya paa hilohilo. Angeliondoa bati tu, mkulima huyo angelipata zaidi.

Nimeulizwa kuhusu grupu, yaani jenereta. Mita ile moja ya saladi inataka kilowati-saa 1.7 kwa siku. Grupu ndogo ya petroli hunywa nusu lita au zaidi kwa kila kilowati-saa. Wiki tano za kukuza saladi ni lita 29 au 30. Mita moja ya mraba inatoa saladi 25 hivi. Kila mmoja ajiulize kama yuko mteja katika soko la Butembo atakayelipa bei ya lita moja ya petroli iliyopita mpaka wa Kasindi, tena kwa kichwa kimoja cha saladi.

Wenye mtaji mkubwa nao wamejikwaa hapo. AeroFarms, kampuni ya Marekani iliyosifiwa sana kwa mashamba ya ghorofa chini ya taa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2023. Na wao walikuwa na sababu ambazo sisi hatuna: kwao New Jersey kuna baridi kali na siku fupi, tena umeme wao hauzimiki ovyo. Mtu wa Lubero anayepeleka poaro na kabichi hadi Kisangani hana haja ya kuwaiga.

Kwa aliyefukuzwa shambani na sasa amepanga chumba mjini, jibu langu ni gunia la udongo uani na mbegu ya lengalenga, chini ya jua. Najua halina mvuto wa taa za zambarau. Lakini linaanza kulisha watu baada ya wiki nne, na mtu akilazimika kuhama tena, hapotezi batri.

Mwanga ulio ujumbe

Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, walichapisha matokeo ya majaribio yao ya tumbaku na soya, wakaonesha kwamba mimea mingi huamua wakati wa kutoa maua kwa kufuata urefu wa mchana na usiku. Baadaye ilikuja kujulikana kuwa kinachopimwa hasa ni usiku. Ukikatisha giza kwa mwanga mdogo katikati ya usiku, mmea unadanganyika, unahesabu usiku mrefu kama usiku mfupi. Mwanga huo hauushibishi. Unauarifu tu, na mwenye kuarifu hahitaji kupaza sauti.

Majirani zetu wanaishi kwa hesabu hiyo. Huko Naivasha, Kenya, mashamba ya maua yanawasha taa usiku juu ya haipericum na jipsofila, maua yanayotaka siku ndefu, kwa kuwa kwenye ikweta siku ndefu haipo. Nchini Uganda kuna mashamba ya krisanthemamu ambayo biashara yake ni kuuza vipandikizi kwenda Ulaya. Krisanthemamu ikipata usiku wa saa 12 inakimbilia kutoa maua, na tawi lililoanza maua halifai tena kwa kipandikizi, kwa hiyo taa za usiku ndizo zinazoizuia. Ukisikia mtu anasema karibu na ikweta taa za mimea hazina kazi, mpeleke Naivasha saa tano usiku.

Sisi hatuuzi maua Ulaya. Tuna viazi. Kiazi mviringo ni mmea unaoharakishwa na usiku mrefu kuweka viazi chini ya ardhi. Kwa mlaji ni heri. Kwa anayetunza mimea mama ili aikate vipandikizi, ni hasara, kwa sababu mmea unazeeka mapema, majani yanabadilika, na vipandikizi vinakuwa dhaifu. Nchini Kenya sasa kuna wakulima wa mbegu wanaoanza na vipandikizi vyenye mizizi vya viazi, njia iliyosukumwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao yake Lima, Peru. Nyanda za Lubero zina hewa inayofaa kabisa kazi hiyo. Lakini mmea mama uwe kijana, na hapo ndipo taa ya usiku inapoingia.

Hesabu yake ni hii. Banda la mita 100 za mraba, balbu kumi za LED za wati 10, saa nne katikati ya usiku: wati-saa 400. Panno moja ya wati 200 inatosha. Batri moja ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu kama inavyotakiwa, inakupa wati-saa 600. Balbu yenyewe ni ya kawaida, nyeupe yenye joto la rangi ya njano, kwa sababu inao wekundu ambao mmea unausikiliza. Aina za viazi hazifanani katika kuitikia, kwa hiyo anza na kona moja ya banda, kona nyingine uiache gizani ulinganishe.

Wafugaji wa kuku wa mayai waliomo humu wanatabasamu, maana wao wameijua siri hii zamani: saa mbili au tatu za balbu baada ya magharibi, na kuku hasahau kutaga.

Mche wa chupani

Nafika kwenye jambo ninalolipenda zaidi, nanyi mtavumilia nikikawia.

Mnyauko bakteria wa migomba uliingia Kivu mwanzoni mwa miaka ya 2000 na haujatoka. Unasafiri kwa panga, kwa wadudu, na kwa machipukizi tunayopeana kwa upendo. Mwenzako anakupa chipukizi la mgomba mzuri, na ndani yake amekupa ugonjwa, fukusi na minyoo ya mizizi. Njia mojawapo ya kukata mnyororo huo ni kuotesha miche ndani ya chupa, kwenye chakula safi kilichogandishwa, kutoka kwenye kiini kidogo cha mmea uliopimwa ukaonekana hauna ugonjwa. Nasisitiza kupimwa: chupa haiponyi virusi. Ukiingiza mmea wenye virusi, utapata maelfu wenye virusi.

Kabla mtu hajakimbilia chupa, kuna njia isiyotaka taa hata moja. Kituo cha CARBAP cha Cameroon kilieneza utaratibu wa kumenya tunguu la mgomba, kulichanja, na kulilaza kwenye maranda ya mbao ndani ya kibanda cha plastiki chenye unyevu na joto. Tunguu moja hutoa miche kwa makumi. Kikundi kisicho na fundi wala fedha kianzie huko, na nitakipongeza kuliko kile kitakachonunua taa kwanza.

Lakini tuseme kikundi kimekomaa na kina mtaalamu. Chumba cha chupa kinataka mwanga kiasi gani? Mdogo sana. Na sababu yake ni sukari. Chakula cha chupani ambacho maabara nyingi za dunia hutumia, kilichotangazwa na Murashige na Skoog mwaka 1962, kwa kawaida hutiwa gramu 30 za sukari kwa lita. Mche unakunywa sukari hiyo. Mwanga unausaidia uwe kijani, usirefuke ovyo, ujiandae kutoka nje. Umeme ukikatika siku mbili, saladi inaumia, na mche wa chupani unaendelea kunyonya sukari yake gizani bila kelele.

Chukua rafu ya sentimita 120 kwa 50. Iwekee taa mbili za LED za kawaida za wati 18, zile ndefu za dukani. Rafu hiyo inabeba chupa kama mia moja. Rafu tano ni wati 180, chupa 500, na ukiweka miche mitano kila chupa una miche 2,500. Kwa saa 16 kwa siku zinatumia kilowati-saa 2.9. Umeme uleule kwa upande wa saladi ungelisha vichwa kama 43. Na miche 2,500 ya migomba, hata mmoja kati ya mitano ukifa wakati wa kuzoezwa jua na upepo, inapandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu na kujaza karibu hekta mbili.

Taa, kwa kweli, si mlaji mkubwa katika maabara ya namna hii. Mlaji mkubwa ni moto wa kuchemshia: chupa zinatakiwa zifike nyuzijoto 121 chini ya shinikizo kwa dakika 15 hadi 20. Mtu asijaribu kufanya hivyo kwa batri. Sufuria kubwa ya presha juu ya gesi au makala inaifanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo. Batri iachiwe feni ya kabati la hewa safi, ambayo ikizimika katikati ya kazi, ukungu unaingia kwenye chupa zote zilizo wazi.

Kuna jambo la mwinuko pia. Butembo iko kwenye mita 1,700 na zaidi, na usiku wake unajulikana. Beni iko chini, mita 1,100 na kitu, kuna joto. Mche wa mgomba chupani unataka nyuzijoto 25 hadi 28, wa kiazi unaridhika na 18 hadi 22. Maabara ya migomba ikiwekwa Butembo italipia joto, ya viazi ikiwekwa Beni italipia baridi. Miji miwili iliyotenganishwa na kilomita hamsini na kitu ingeweza kugawana kazi kwa namna ambayo hewa yenyewe imekwisha kuipanga. Mivutano ya nani awe na maabara kamili kwake tunaijua, na mimi siishabikii.

Na tusilisahau dirisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa maabara ya Seibersdorf, Austria, ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, waliotesha migomba chupani kwa mwanga wa asili, na miche ikakua vizuri ijapokuwa mwanga ulipanda na kushuka. Wacuba nao wamejenga viwanda vya miche vinavyotegemea mwanga wa jua. Bati moja la kupenya mwanga, lenye kivuli chini yake ili chupa zisichemke, linaweza kupunguza taa kwa zaidi ya nusu.

Nguvu yenyewe

Mafundi, sasa ni zamu yenu. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kuchagua kwanza saa za kuwasha, halafu kutafuta batri ya kuzibeba. Mche hauna saa ya ukutani. Hausumbuki kama "mchana" wake unaanza magharibi. Basi sogezeni saa ziufuate umeme.

Kwenye panno: washa saa mbili asubuhi, zima saa nne usiku. Ni saa 14 badala ya 16, nazo zinatosha. Mchana taa zinakula moja kwa moja kutoka kwenye panno, na batri inabeba kuanzia saa kumi na moja jioni tu, saa tano kwa wati 180, yaani kilowati-saa 0.9. Ukitaka saa 10 za usiku, ni 1.8, batri mara mbili, kwa faida ndogo. Panno tatu za wati 400 zinatosha, na zinabakiza ziada kwa siku za mawingu.

Kwenye umeme wa maji: fanya kinyume. Mto hauachi kutiririka usiku, lakini mashine za kusaga na za kuranda mbao zimelala. Washa saa mbili usiku, zima saa sita mchana. Mtambo wa Luviro katika Lubero, wa karibu megawati 15, uliojengwa na upande wa Hifadhi ya Virunga, ulikuwa na umeme mwingi kabla ya wateja kuunganishwa, kiasi kwamba mwaka 2020 sehemu yake ilianza kutumika kuendesha kompyuta za kuchimba Bitcoin. Sina ugomvi na hilo, hifadhi inahitaji fedha. Nataja tu kwamba chumba chetu cha chupa 500 ni wati 180, na pamoja na feni yake hakifiki nusu kilowati. Huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, ambako umeme wa maji ulianza mwaka 2013 kwa mtambo mdogo, umeme umekwisha kuvuta kiwanda cha sabuni na cha chokoleti. Chumba cha miche ya migomba karibu na hapo kisingekuwa ndoto ya ajabu.

Kuhusu kununua batri na panno, bidhaa zinazotufikia kupitia Kampala na Kasindi zina lebo zinazosema uongo, na mzani ni mpimaji mzuri. Batri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 200, ya kweli, ina kilo 55 au zaidi. Ukiinua ya "200" kwa mkono mmoja ukaiweka begani, umenunua plastiki. Panno nayo ipimwe kwa futi: mita moja ya mraba inatoa wati 200 hivi, kwa hiyo panno ya nusu mita iliyoandikwa 300 irudishwe kwa muuzaji. Taa za mimea zilizoandikwa "1000W" mara nyingi zinakula 100. Weka mita ya umeme kabla ya kulipa.

Lithiamu ya chuma-fosfeti inakubali kutumika asilimia 80 au 90 ya ujazo wake na kuchajiwa mara maelfu. Ya risasi ukiipitisha nusu kila siku, haimalizi miaka yake. Kwa kazi ya kila usiku, lithiamu ni nafuu ukihesabu miaka mitano. Kwa taa za viazi za saa nne, risasi inatosha.

Na batri ya risasi ikifa, ina risasi bado. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulipata sumu kutokana na kiwanda cha kuyeyusha batri kuukuu, na Julai 2020 mahakama ya Kenya iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Sisi tunamwaga asidi mfereji wa nyuma na kuyeyusha sahani za risasi kwenye makala, watoto wakitazama. Kikundi kitakachopewa batri na mradi wowote kiandike kabla ya kupokea: itarudi kwa nani, na nani atalipa usafiri wake.

Kwa vikundi vya kazi vya mchana huu naomba mambo mawili tu. Kikundi cha Beni kichague nyumba tatu zilizo karibu na maji na maranda ya mbao, kianze na matunguu ya migomba bila taa, kihesabu miche iliyopona. Kikundi cha Butembo kichukue banda moja la viazi, kiweke balbu kumi upande mmoja na giza upande wa pili, na mafundi waje na mita zao waandike wati-saa za kila usiku mpaka vipandikizi vya kwanza vikatwe.